Kutoka Nairobi hadi Nabugoye: Kuyafuata Masinagogi Mawili

Jumatatu. Arusha hadi Nairobi

Foleni ya Namanga ilikuwa fupi, na saa nane mchana nilikuwa nimeshatua begi kwenye nyumba ya wageni karibu na River Road. Barabara hiyo wengi mnaijua, sina jipya la kuongeza. Afadhali niseme kilichonitoa nyumbani.

Ukishika njia kuu inayotoka Nairobi, ukapita Nakuru na Eldoret hadi Malaba, kisha ukaingia Uganda na kukunja kuelekea Mlima Elgon, utakuwa umeziunganisha jumuiya mbili za Wayahudi ambazo kila moja imeshavuka miaka mia. Moja ilianzishwa na wageni walioletwa na meli na reli. Nyingine ilianzishwa na jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, aliyesoma Biblia mpaka akajitahiri. Ya Nairobi ilimpata gavana wa koloni kuja kuweka jiwe la msingi. Ya Nabugoye, kilima kilicho nje ya mji wa Mbale, ilipigwa marufuku na rais wa nchi. Nimekuwa nikizisoma habari zao kwa miaka, na swali limebaki lilelile: sinagogi hushikiliwa na nini lisianguke? Safari hii nimeamua kuwafuata wenyewe niwaulize.

Jumanne. Nairobi

Sinagogi la Nairobi liko pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, jirani na Chuo Kikuu. Kutwa nzima matatu zinapita ubavuni mwake zimejaa, na abiria wengi hawana habari kwamba nyuma ya ule ukuta na miti kuna watu wanasali. Mlango haufunguliwi kwa kubisha hodi. Niliomba ruhusa mapema, nikatuma nakala ya pasipoti, na leo askari wa getini wamelikagua begi langu mfuko kwa mfuko. Sikuona vibaya. Tarehe 31 Desemba 1980 hoteli ya Norfolk, iliyo jirani kabisa na hapa na ambayo ilikuwa mali ya familia ya Kiyahudi, ililipuliwa kwa bomu. Novemba 2002 ikawa zamu ya hoteli ya Waisraeli kule Kikambala. Mwenye kumbukumbu hizo haachi geti wazi.

Aliyenipokea ni mama mwenye umri wa bibi yangu, mzaliwa wa Nairobi, mwenye Kiswahili cha watu waliokulia shambani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita, tukakaa kivulini.

"Baba alifika Mombasa 1939," alinieleza. "Serikali ya koloni ilitaka paundi hamsini kwa kila mtu, ndipo akubaliwe kuingia. Nyumbani alikuwa wakili. Hapa wakampa kazi ya kusimamia shamba la pareto, na hata ng'ombe alikuwa hajawahi kumkamua."

Akafungua mkoba akatoa kitabu cha sala cha babake. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Jalada limeachana na uti wake, limefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea viatu. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa duka la vitabu la Breslau, mji ambao leo uko Poland, na chini yake kuna majina ya watoto wanne na tarehe zao za kuzaliwa, yameandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Watatu walizaliwa kule. Wa mwisho, yeye mwenyewe, ameandikwa kwa mkono uleule lakini kwa kalamu ya risasi, na mbele ya jina pameandikwa Nairobi. Babake alisoma kitabu hicho kila Ijumaa jioni shambani, maili nyingi kutoka kwa Myahudi mwenzake, na mara chache kwa mwaka familia ilipanda treni kuja kusali hapa.

Wengine walikuwa wametangulia. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Marcus alihamia kutoka India mwaka 1899, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli. Mwaka 1903 akaja Abraham Block, kijana wa Kilithuania aliyepitia Afrika Kusini, ambaye baadaye, 1927, aliinunua Norfolk na kuwa mzee wa biashara ya hoteli Kenya. Jumuiya yenyewe ilianzishwa 1904. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard aliweka jiwe la msingi la sinagogi la kwanza, nayo ilikuwa bado jumuiya ya familia chache tu. Ukumbi wa kumbukumbu wa Vermont ukaongezwa 1938, mwaka uleule Wayahudi wa Ujerumani na Austria walipoanza kutafuta pa kukimbilia kwa kila hali. Vita vilipolipuka, baadhi ya wakimbizi hao waliwekwa kizuizini na Waingereza kwa sababu pasipoti zao zilikuwa za Kijerumani. Mtu amemkimbia Hitler, anafungwa kama mtu wa Hitler. Mama alilisimulia hilo kwa sauti ya chini, nami sikumhoji zaidi.

Baada ya vita idadi yao Kenya nzima ilizidi elfu moja. Jengo la kwanza halikutosha tena, na hili la sasa likawekwa wakfu 1955, mwaka ambao mmoja wa viongozi wao, Israel Somen, alikuwa ndiye meya wa Nairobi. Hapo ndipo jumuiya ilipofika kilele. Uhuru ulipokuja, wengi wa walowezi waliuza mashamba wakaenda Uingereza, Afrika Kusini na Israel, na watoto waliopelekwa kusoma ng'ambo hawakurudi. Leo wamebaki mia chache, na katika hao wengi ni wapitaji: wahandisi na wataalamu wa kilimo kutoka Israel, watumishi wa Umoja wa Mataifa, wafanyabiashara wa mkataba wa miaka miwili mitatu.

Ibada hapa hufuata njia ya Kiothodoksi, ile ya Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, na sala ya jamaa haikamiliki mpaka wapatikane wanaume kumi. Nilimuuliza mama kama hufika. "Hufika," akasema, "ila zamani hatukuwa tukihesabu." Hilo nimelibeba. Sinagogi hili lilijengwa na watu wenye uwezo, wakalijenga vizuri, na bustani yake imetunzwa mpaka leo. Lakini hata siku zake za neema uhai wake ulitegemea watu wanaoingia na kutoka, na sasa wanaoondoka wamewazidi wanaokaa.

Jumatano. Gilgil hadi Eldoret

Matatu ya Nakuru ilituteremsha bondeni kabla ya saa nne. Gilgil nilishuka nikanywa chai. Palikuwa na kambi hapa ambayo vitabu vyetu vya shule havikuwahi kuitaja: kuanzia Machi 1947 hadi Julai 1948 Waingereza waliwafungia hapa Wayahudi waliokamatwa Palestina kwa kupigana nao, watu wa vikundi vya siri vya Irgun na Lehi, waliokuwa wamehamishwa kwanza Eritrea na Sudan. Wakachimba mahandaki, na mwaka 1948 Yaakov Meridor, mmoja wa viongozi wa Irgun, na wenzake kadhaa wakatoroka. Wayahudi wa Nairobi, ambao ni raia watiifu wa koloni hilohilo, waliwapelekea vitabu na mahitaji ya sikukuu. Nadhani ilihitaji moyo. Gavana anayekuwekea jiwe la msingi ndiye serikali yake inamfunga ndugu yako.

Kutoka Nakuru barabara inapanda, baridi inaingia, na kabla ya magharibi tulikuwa Eldoret.

Alhamisi. Eldoret, Malaba, Mbale

Nimeamka mapema nitembee nje kidogo ya mji kuutazama uwanda wa Uasin Gishu, kwa sababu uwanda huu nusura uwe nchi ya Wayahudi. Mwaka 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuuawa ovyo katika mji wa Kishinev, waziri wa makoloni wa Uingereza Joseph Chamberlain alimwahidi Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao, ardhi ya Afrika Mashariki, yapata maili za mraba 5,000. Mpango uliitwa wa Uganda kwa sababu sehemu hii ilikuwa chini ya Uganda hadi 1902. Agosti mwaka huo Mkutano wa Wazayuni uliokaa Basel ulipiga kura: 295 wakasema tume itumwe ikaangalie, 178 wakakataa, na wajumbe kutoka Urusi, wale hasa waliokuwa wakiuawa, wakatoka ukumbini wakilia kwamba hakuna nchi nyingine badala ya Sayuni.

Tume ilifika mapema 1905. Ilikuwa ya watu watatu: Meja Gibbons Mwingereza, Kaiser Mswisi na Wilbusch, mhandisi Myahudi. Walizunguka nyanda hizi wiki kadhaa, wakarudi na ripoti zisizopatana. Walowezi wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, walikuwa wameshapiga kelele kwenye magazeti ya London. Herzl alikufa Julai 1904, na mwaka uliofuata mkutano ukaufunga mpango.

Ninapousoma mpango huo kitu kimoja kinanikera kila mara: hakuna ukurasa ambapo Mnandi au Mmasai anaulizwa. Mwaka uleule wa 1905, mwezi Oktoba, Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei aliyeongoza upinzani wa Wanandi kwa zaidi ya miaka kumi, na ilipofika 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaletwa na magari yao ya maksai kugawiwa uwanda. Ingekuwa ni Wayahudi, ardhi ingeporwa vilevile, ila kwa jina jingine. Nalisema hili mimi ninayewapenda na kuwaheshimu watu ninaokwenda kuwatembelea. Na ndiyo maana Nabugoye inanivuta zaidi: kule Uyahudi haukupewa ardhi ya mtu. Ulishikwa na wenyeji, juu ya ardhi yao.

Malaba nimevuka saa tisa. Cheti cha homa ya manjano kilitakiwa, pasipoti ikagongwa, nikabadili fedha, nikapanda teksi, maana huku basi dogo la abiria ndilo huitwa teksi. Jabali la Tororo liko kushoto, kisha migomba, kisha ukuta wa mlima Wanale ukainuka mbele yetu na Mbale chini yake. Nimelala karibu na mnara wa saa.

Ijumaa. Nabugoye

Kutoka mjini hadi Nabugoye ni mwendo mfupi wa bodaboda, barabara ya murram, kahawa na migomba pande zote. Bodaboda wangu, kijana Mwislamu, hakuhitaji kuelekezwa. "Kwa Abayudaya," alisema, yaani Wayahudi kwa Kiganda, akaondoka.

Kilimani pana majengo mawili ya kutazama. La zamani, sinagogi la Moses, ni la matofali waliyoyafyatua wenyewe. La pili ni sinagogi kubwa la Stern, lililozinduliwa 2016 kwa michango ya Marekani, linaloweza kubeba watu mia kadhaa. Nilifika watu wakiwa mbioni. Ijumaa kila kitu hutakiwa kiwe tayari kabla jua halijazama: kuni zimepasuliwa, maji yamechotwa, kuku wamechinjwa na aliyefundishwa kuchinja kwa sheria yao, mkate umeiva. Akina mama walinipa kisu na ndizi nimenye, nikamenya.

Nilikabidhiwa kwa mzee mmoja, umri wake umepita themanini, Kiswahili chake cha reli na cha sokoni. Nilimwamkia, akacheka kwa furaha. "Shikamoo! Hiyo nimeisikia kwa bakombozi." Ndilo jina walilowapa wanajeshi wa Tanzania mwaka 1979. Nikamwambia mjomba wangu alikuwa mmoja wao, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika kivulini.

Habari za Kakungulu amezipata kwa babake, aliyemwona. Kakungulu alizaliwa yapata 1869, akawa jemadari, akawashindia Waingereza nchi yote hii ya mashariki akitumaini watamtambua kuwa mfalme wake. Mbale ni mji alioanzisha yeye. Walipomaliza kumtumia wakamnyang'anya eneo moja baada ya jingine. Akajitenga na serikali, akajiunga na madhehebu ya Malaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuitunza Jumamosi. Alikuwa na Biblia nzima kwa Kiganda, ambayo ilipatikana tangu 1896, na kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyouliza ni nani aliyezifuta amri hizi. Mwaka 1919 akaamua kutahiriwa, yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake wa Malaki walimwonya kuwa hilo ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba basi, kuanzia leo sisi ni Wayahudi.

"Uelewe tuko wapi," mzee aliniambia. "Hapa ni kwa Bagisu." Nililielewa. Kwa Bagisu kijana hutahiriwa akiwa mtu mzima, hadharani, amesimama wima na kijiji kizima kinamtazama asipepese jicho. Ndiyo imbalu, na hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kakungulu akaja na amri ya siku ya nane. Mtoto anakatwa mikononi mwa babake, hajui kitu. "Wenzetu walisema watoto wetu hawatakuwa wanaume. Baba alitukanwa kwa hilo maisha yake yote. Hakuacha."

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa tisini hivi, sala na maagizo, kuwaongoza watu wake. Kipindi hichohicho akapita Myahudi mgeni wanayemkumbuka kwa jina moja tu, Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa. Huyo ndiye aliyewaonyesha kalenda, sikukuu, nyama ipi iliwe na ipi iachwe, na ndipo wakaacha kubatiza na mengine waliyotoka nayo Ukristoni. Kakungulu alifariki Novemba 1928. Wengi wakarudi walikotoka. Waliobaki walijitenga, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakalima, wakafundisha watoto kwa vitabu vichache walivyoachiwa. Kwa miongo mingi hakuna sinagogi lolote duniani lililowaandikia barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, aliwafikia, na kupitia yeye wakaanza kujulikana.

Jua lilipoinama tuliingia ndani. Kabla halijazama palipigwa gitaa na ngoma, na zaburi zikaimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, sauti za wanawake zikipanda juu na za wanaume zikibaki chini kama kwaya za huku zinavyoimba. Nyimbo zao zilirekodiwa, na albamu iliyotoka 2003 ilipendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Lakini kusikiliza albamu na kukaa benchi moja na watoto wanaoziimba bila kitabu ni mambo mawili tofauti.

Jumamosi. Nabugoye

Kalamu na simu vimelala leo. Naandika haya usiku, Sabato imeshatoka.

Asubuhi gombo la Torati lilitolewa sandukuni, likazungushwa, kila mtu akaligusa kwa ncha ya shuka lake la sala na kuibusu. Fungu la wiki hii lilikuwa lile linaloanza na Mungu kumwambia Abramu "Toka wewe katika nchi yako," na ndani yake ndimo mna agano la tohara, Mwanzo sura ya 17. Msomaji alipofika hapo kwa Kiebrania, aliyekuwa karibu nami, mvulana wa miaka kumi hivi, aliniwekea kidole kwenye mstari wa Kiganda ili nisipotee. Nikawaza kwamba mistari hii hii, kwa lugha hii hii, ndiyo aliyoisoma Kakungulu. Wanawake hapa huhesabiwa kwenye ile idadi ya kumi, na msomaji wa pili alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Baada ya chakula, matoke na mchuzi wa karanga uliohifadhiwa moto tangu jana, mzee alinisimulia miaka ya Amin. Nimekuja umbali wote huu hasa kwa ajili ya saa hiyo.

Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, na mwaka uliofuata alivunja uhusiano na Israel. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, mengine yakabomolewa, vitabu vikachukuliwa. Ukikutwa na kofia kichwani au umepumzika Jumamosi, chifu anaitwa. Baba wa Gershom Sizomu, mtoto ambaye baadaye angekuwa rabi wao, yaani kiongozi wa dini, alikamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na mbuzi watano ndio waliomtoa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Mzee hakuwalaumu hata mmoja. "Walikuwa na watoto," alisema. Yeye alisali usiku chumbani, mkewe akiwa amekaa mlangoni anachambua maharage, ajikohoze akimwona mtu.

Walioanza muongo huo walikuwa yapata 3,000. Waliobaki, utawala ulipoanguka, walikuwa kama 300.

Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Jioni ya tarehe 11 Aprili mwaka huo ndiyo iliyokuwa usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, usiku wa kukumbuka kutoka Misri. Mzee alinihesabia siku kwa vidole akihakikisha nimelipata. Hawakujua usiku uleule, redio zilikuwa chache na vita vilikuwa bado havijafika Mbale. Lakini walipokuja kulinganisha kalenda, walilia. Mjomba wangu amekufa bila kujua kwamba kuna nyumba ambazo kila Pasaka hutaja Aprili ile.

Mia tatu hao walifanyaje kuwa wengi tena? Mzee hakuanza na Wamarekani. Alianza na kilima. Watoto wa wale waliosali kwa siri, akiwemo Sizomu na Joab Jonadab Keki, walikusanyika miaka ya 1980 wakiwa vijana, wakajiita Kibutzi, kwa mfano wa vijiji vya ushirika vya Israel, wakahama kuja kuishi pamoja na kulima, wakakidai kilima cha Nabugoye kilichokuwa kimetoka mikononi mwao. Baadhi yao walikamatwa na kupigwa kwa madai hayo. Hawakuondoka. Wakafyatua matofali, wakainua sinagogi, wakaenda nyumba kwa nyumba kwa waliokuwa wameacha na kuwaambia mlango uko wazi. Wageni walianza kuja baadaye, miaka ya 1990. Februari 2002 wakafika marabi watano, wanne Wamarekani na mmoja Mwisraeli, wa mkondo wa Kihafidhina, usio mkali kama wa Kiothodoksi, wakawahoji watu wapatao 400 na kuwazamisha majini kwa utaratibu wa kuongoka. Wapo waliosita: unaongokaje kuwa kitu ambacho babu yako alikufa nacho? Nilimuuliza mzee yeye aliamuaje. Alisema aliingia majini kwa ajili ya wajukuu, wasije wakaulizwa vyeti.

Sizomu akapelekwa Los Angeles kusomea urabi, akawekewa mikono 2008, akarudi. Mwaka 2016 majirani zake, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Leo Abayudaya ni watu wapatao elfu mbili, wametawanyika vijijini kutoka hapa hadi Namutumba na kwingineko.

Jumapili. Kahawa, na Putti

Kahawa ya arabika imeiva miteremkoni, na leo ni siku ya kazi kwa kila asiyekwenda kanisani. Keki, ambaye Septemba 11, 2001 alikuwa New York akikaribia kupanda yale majengo mawili ndege zilipoyagonga, alirudi nyumbani akawatafuta majirani Waislamu na Wakristo. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa Mirembe Kawomera, ambao uongozi wake hugawanywa kati ya dini zote tatu, na wanachama wakaja kupita elfu moja. Nilisimama kwenye kituo cha kupokelea. Mama mmoja akamimina gunia lake la kahawa mbichi juu ya turubai, karani akachota konzi, akatenga zilizooza na zile za kijani, akapima, akaandika. Hakuna aliyeuliza dini. Mzani ulikuwa ndio mjadala pekee.

Mchana nikaenda Putti, kijiji cha mbali kidogo upande wa Pallisa. Watu wa huku ni Abayudaya vilevile lakini walitaka njia ya Kiothodoksi, kama ya Nairobi, na wakavumilia miaka mingi ya kungoja marabi wa upande huo. Sinagogi lao ni dogo na wao ni wachache. Niliogopa kukuta ugomvi baina yao na Nabugoye. Nilichokuta ni ndugu wanaooana, wanaozikana na wanaobishana kuhusu ukali wa sheria, jambo ambalo naambiwa Wayahudi hufanya popote walipo.

Linalowaumiza wote linatoka mbali. Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia Wayahudi wanaohamia Israel, ulikubali 2016 kwamba Abayudaya ni jumuiya ya Kiyahudi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ikakataa, na 2018 kijana aliyeomba kuhamia kule alinyimwa. Mimi si Myahudi na sina kura katika hilo. Lakini nimekaa na mtu aliyesali gizani mkewe akilinda mlango, na sioni ni cheti gani kingine cha kumdai.

Jumatatu. Mbale

Kabla ya kupanda teksi ya kurudi nilipita shule ya msingi ya Hadassah. Watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wako darasa moja, na uji hutoka jiko moja. Mwalimu aliniruhusu nikae nyuma. Alikuwa akifundisha hesabu za sehemu, si Kiebrania, na ubao wake ulikuwa na nusu, robo na thumni. Ya Kiebrania ni saa nne, akaniambia, kwa wanaotaka, na mwaka huu hata wa Kiislamu kadhaa wameomba kukaa kwa sababu herufi zinasomwa kutoka kulia kama zao. Mkuu wa shule ana shida ya madawati na ya walimu wa sekondari, maana wakishahitimu Kampala huwavuta. Sekondari yenyewe, iliyopewa jina la Semei Kakungulu, iko mwendo wa miguu kutoka hapo, nayo inapokea wanafunzi wa muhula ujao kuanzia wiki hii.